Solver ya Excel: inakokotoa vizuri, ila swali ni lako

Kompyuta yenye Excel ina Solver ndani yake, na wengi wanaoshinda kwenye Excel tangu asubuhi hadi jioni hawajawahi kuiona. Haipo mbali; imezimwa tu mpaka uiwashe. Ukiiwasha, lahajedwali lako linapata uwezo ambao fomula za kawaida hazina. Fomula hujibu swali la "nikitengeneza kiasi hiki, nitapata faida gani?" Solver hujibu swali la "nitengeneze kiasi gani ili faida iwe kubwa kadiri inavyowezekana, bila kuvuka nilivyo navyo?" Swali hilo la pili ndilo kiini cha utafiti wa operesheni: taaluma ya kutumia hisabati na vipimo kuamua namna ya kugawa vitu visivyotosha, viwe mbao, saa za kazi, magari, vitanda vya wodi au zamu za walinzi.

Hukumu yetu tunaitanguliza. Kwa tatizo lenye vigeu (namba ambazo Solver inaruhusiwa kuzibadilisha) visivyozidi 200, na kwa mtu anayetaka kuijua taaluma hii kwa mikono yake, hatujui pa kuanzia palipo rahisi zaidi. Lakini Solver inakuja na mipangilio miwili iliyowekwa vibaya tangu mwanzo, na yote miwili inaweza kukupa jibu lenye kasoro huku skrini ikikuambia kwamba kila kitu kimekaa sawa. Mipangilio hiyo hubadilishwa kwa dakika moja, na tutaionyesha.

Kilichomo ndani

Anayeitengeneza Solver ni kampuni ya Frontline Systems, si Microsoft wenyewe, na imekuwa ikija na Excel tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwanzilishi wake, Dan Fylstra, ndiye ambaye kampuni yake ya awali iliuza VisiCalc, lahajedwali lililofungua njia kwenye kompyuta ndogo mwaka 1979. Ukoo huo unaonekana. Solver haikulazimishi kujifunza lugha ya programu: seli ndizo vigeu, fomula ndizo modeli, na kila namba iko mbele ya macho yako.

Ina injini tatu, yaani njia tatu za kutafuta jibu, na kuchagua injini ndiyo hatua inayoharibu kazi nyingi kuliko zote.

Ya kwanza ni Simplex LP. Hii ni njia ya George Dantzig, aliyeibuni mwaka 1947 alipokuwa akifanya kazi ya mipango katika Jeshi la Anga la Marekani. Jeshini ratiba ya mafunzo, ugavi na upelekaji wa vikosi iliitwa "programu", na hapo ndipo lilipotoka jina la upangaji wa mstari (linear programming) linalotumika hadi leo. Wazo lake ni hili: kama lengo na masharti yote ni ya mstari, yaani kila kigeu kinazidishwa kwa namba isiyobadilika kisha vinajumlishwa, basi eneo la majibu yanayokubalika ni umbo lenye kingo zilizonyooka na pembe, na kama jibu bora lipo, mojawapo ya pembe hizo inalo. Njia ya simplex husimama kwenye pembe moja, huangalia kingo zinazotoka hapo, huchagua inayoongeza faida, huenda mpaka pembe inayofuata, na hurudia hadi isiwepo ya kupanda tena. Leonid Kantorovich wa Leningrad alikuwa ameliona tatizo la namna hii mwishoni mwa miaka ya 1930 alipoulizwa jinsi ya kugawa kazi kwenye mashine za kiwanda cha mbao za plaiwudi. Yeye na Tjalling Koopmans walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975. Dantzig hakuwemo, jambo ambalo wanataaluma wengi waliliona kuwa si haki, na sisi tuko upande wao.

Kipimo kizuri cha umbali tuliotoka ni tatizo la mlo. Mwaka 1945 mwanauchumi George Stigler alitafuta mlo wa bei ndogo kabisa unaotimiza mahitaji ya mwili ya mtu mmoja kwa mwaka: vyakula 77, virutubisho 9. Kwa kuchuja na kukisia kwa akili alifikia dola 39.93 kwa bei za mwaka 1939. Mwaka 1947 tatizo hilohilo lilitumiwa kuijaribu njia ya Dantzig. Makarani tisa wenye mashine za kukokotoa za mezani walitumia takriban siku 120 za kazi ya mtu mmoja, wakapata dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea kwa senti 24 tu. Vigeu 77 vinaingia ndani ya uwezo wa Solver bila shida, na jibu hutoka kabla hujainua kidole kwenye kipanya.

Injini ya pili ni GRG Nonlinear, iliyotokana na kazi ya Leon Lasdon wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na Allan Waren wa Chuo Kikuu cha Cleveland State. Hii ni ya fomula zilizopinda: vigeu vinavyozidishana, vipeo, mizizi. Hufanya kazi kama mtu apandaye kilima kwenye ukungu: hupima mwinuko chini ya miguu yake, hupanda, na hukoma pale ambapo kila upande unateremka. Kama kilima kirefu zaidi kiko ng'ambo ya bonde, hatakiona.

Ya tatu, Evolutionary, hujaribu makundi ya majibu, huyachanganya na kuyachuja. Itumie pale tu ambapo fomula zako zina IF, VLOOKUP au vitu vingine vinavyoruka ghafla na huwezi kuviandika upya. Ni ya polepole, na hata ikitoa jibu zuri haiwezi kuthibitisha kwamba hakuna bora zaidi.

Kosa la kwanza la mipangilio ni kwamba injini inayokuja imechaguliwa tayari ni GRG Nonlinear, ilhali matatizo mengi ya kazini ni ya mstari. Jaribu hili uone linavyoweza kukuangusha. Weka lengo kuwa =B3*C3, liwe kubwa kadiri iwezekanavyo, kwa sharti kwamba B3+C3 isizidi 10, na uanze na seli zote mbili zikiwa 0. Jibu sahihi ni 5 mara 5, yaani 25. Lakini pale kwenye 0 na 0 mwinuko ni sifuri kila upande, kwa hiyo injini inaweza kusimama hapohapo na kutangaza kwamba imepata suluhisho. Anza na 1 na 1, nayo itapanda. Ndiyo maana kwenye kazi isiyo ya mstari usiwahi kuanza na seli tupu, na uendeshe tena kutoka sehemu tatu nne tofauti, au uweke tiki kwenye Multistart ndani ya Options.

Kuiwasha na kuijengea modeli

Kwenye Windows fungua File, Options, kisha Add-ins. Chini kabisa chagua Excel Add-ins, bofya Go, weka tiki kwenye Solver Add-in, bofya OK. Kwenye Mac pitia menyu ya Tools, kisha Excel Add-ins. Baada ya hapo kitufe cha Solver kitakaa kwenye kichupo cha Data, upande wa kulia.

Tuchukue karakana ya samani inayotengeneza meza na makabati. Meza moja inaingiza faida ya 30, kabati moja 50. Meza inakula mbao 4, saa 2 za fundi na lita 1 ya vanishi. Kabati linakula mbao 6, saa 5 na lita 1. Kwa wiki kuna mbao 240, saa 160 na vanishi lita 60.

Seli B3 na C3 ziache kwa ajili ya idadi ya meza na makabati. B4 na C4 andika faida, 30 na 50, na kwenye D4 weka =SUMPRODUCT(B4:C4,$B$3:$C$3), fomula inayozidisha kila namba na kigeu chake kisha kujumlisha. Safumlalo za 6, 7 na 8 ni mbao, saa na vanishi: matumizi ya kila kimoja kwenye B na C, jumla yake kwenye D kwa SUMPRODUCT ileile ukiinakili kwenda chini, na kiasi kilichopo kwenye E. Alama za dola ni za lazima. Bila hizo, ukinakili fomula, rejeo la vigeu litateremka pamoja nayo na jumla zote zitakuwa za uongo.

Fungua Solver. Lengo ni D4, chagua Max. Seli za kubadilika ni B3:C3. Bofya Add, upande wa kushoto weka D6:D8, alama ya <=, upande wa kulia E6:E8; masharti yote matatu yanaingia kwa mkupuo mmoja. Acha tiki ya kutokuruhusu namba hasi mahali pake. Badilisha injini iwe Simplex LP. Bofya Solve.

Jibu: meza 30, makabati 20, faida 1900. Mbao zimeisha zote, saa zimeisha zote, vanishi imebaki lita 10.

Watu wengi hufunga dirisha hapo, na wanaacha mezani sehemu yenye thamani kuliko zote. Kabla hujabofya OK, chagua ripoti iliyoandikwa Sensitivity. Kwenye safuwima ya bei kivuli (Shadow Price) utaona 6.25 kwa mbao, 2.5 kwa saa na 0 kwa vanishi. Maana yake ubao mmoja wa ziada unaongeza faida kwa 6.25, saa moja ya ziada kwa 2.5, na lita ya ziada ya vanishi haiongezi kitu kwa sababu hata iliyopo haijaisha. Kwa hiyo muuzaji akikuletea mbao za ziada, unajua kikomo cha nyongeza unayoweza kulipa juu ya bei ya kawaida. Fundi akiomba malipo ya saa za ziada yanayozidi ya kawaida kwa 3, unajua kwamba kwa hali ilivyo kila saa hiyo inakutia hasara ya 0.5.

Bei hiyo ina mipaka yake, nayo imo kwenye ripoti. Kwa mbao, nyongeza inayoruhusiwa ni 26.67 na punguzo ni 48. Ukivuka mbao 266.67, vanishi nayo inaisha, na ubao wa ziada hauwi tena na thamani ya 6.25. Faida ya kila bidhaa pia ina nafasi yake: ya meza inaweza kucheza kati ya 20 na 33.33 na mpango wa 30 kwa 20 ukabaki uleule. Huko ndiko unakojua ni makadirio gani ya kuhangaikia na yapi ya kuacha. Kama hujui hasa faida ya meza ni 27 au 32, usipoteze wiki nzima kuitafuta, mpango hautabadilika. Lakini ukidhani faida ya kabati ni 50 na kumbe ni 44, mpango mzima umepinduka, maana kikomo chake cha chini ni 45.

Ripoti hii ndiyo hoja kubwa ya kubadili injini. Ukitatua modeli hiihii kwa GRG, jibu la 30 na 20 utalipata, lakini ripoti inakuja bila mipaka hiyo, na imebaki nusu ya faida yake.

Namba kamili na ile asilimia moja

Sasa mbao ziwe 250. Solver inatoa meza 36.25 na makabati 17.5, faida 1962.5. Hakuna anayenunua nusu kabati. Ukiviringisha kwa mazoea ya shuleni, 36 na 18, unahitaji mbao 252 na huna. Ukishusha zote, 36 na 17, unapata 1930. Jibu bora ni 37 na 17, faida 1960, ambalo kuviringisha kwa kawaida hakukufikishi.

Ili kulipata, ongeza sharti: B3:C3, na kwenye orodha ya alama chagua "int". Solver sasa inatumia njia ya kugawa matawi ambayo Ailsa Land na Alison Doig waliichapisha mwaka 1960. Inachukua kigeu chenye sehemu, tuseme makabati 17.5, na kugawa tatizo mara mbili: tawi lenye makabati yasiyozidi 17 na tawi lenye yasiyopungua 18. Tawi la kwanza linatoa 37 na 17, faida 1960. La pili linatoa 35 na 18, faida 1950. Yote mawili yamekwisha kuwa namba kamili, la kwanza linashinda, kazi imekwisha. Kwenye tatizo kubwa matawi huzaa matawi, na hapo ndipo dakika zinapogeuka kuwa saa.

Na hapa kuna kosa la pili la mipangilio. Ndani ya Options mna kipengele cha Integer Optimality, na kimewekwa 1. Hiyo ni asilimia: Solver ina ruhusa ya kusimama mara tu inapopata jibu la namba kamili lililo ndani ya asilimia 1 ya kilele kinachowezekana. Kwenye mfano wetu asilimia 1 ya 1962.5 ni karibu 20, kwa hiyo ikilikuta tawi la 1950 kwanza inaweza kusimama hapo, na wewe utasoma ujumbe wa mafanikio. Weka 0. Kama baada ya hapo inachukua muda mrefu kupita kiasi, rudisha kwa hiari yako, ukijua unachokitoa.

Angalia pia kwamba tiki ya kupuuza masharti ya namba kamili, iliyo palepale, haipo. Na ukishaweka "int", ripoti ya Sensitivity haitolewi tena, kwa sababu bei kivuli haina maana ileile pale majibu yanaporuka hatua kwa hatua. Dawa ni kuendesha mara mbili: kwanza bila "int" ili upate ripoti, kisha nayo ili upate mpango.

Ujumbe wa skrini na maana yake

Ukiambiwa kwamba thamani za seli ya lengo hazitulii, usitafute tatizo kwenye injini. Umesahau sharti. Kuna kitu modeli yako inaruhusu kiongezeke bila mwisho, au umeandika >= mahali pa <=.

Ukiambiwa hakuna suluhisho linalokubalika, masharti yako yanagombana. Njia ya haraka ni kuyaondoa moja moja mpaka tatizo litatulike. Sharti la mwisho kuondolewa ni mmoja wa wagomvi. Njia bora, hasa kwenye ratiba za zamu, ni kuongeza kigeu cha "upungufu" kwenye kila sharti unaloweza kulilegeza na kukitoza faini kubwa kwenye lengo. Modeli itatatulika, na pale upungufu utakapotokea utajua siku ipi na zamu ipi haina watu wa kutosha. Jibu hilo unaweza kulipeleka kwa mwenye uamuzi. "Haiwezekani" peke yake huwezi.

Ukiambiwa masharti ya mstari hayatimizwi, kuna IF, MAX, ABS au ROUND mahali fulani kwenye fomula zinazotoka kwenye vigeu, au vigeu viwili vinazidishana. IF ya gharama ya kuwasha mashine ndiyo inayotokea mara nyingi: "nikitengeneza meza hata moja, nalipa 200". Iandike hivi: ongeza kigeu cha "bin" kinachokuwa 0 au 1, toa 200 mara kigeu hicho kwenye faida, na weka sharti kwamba meza zisizidi 60 mara kigeu hicho. Kwa nini 60? Kwa sababu kwa mbao 240 huwezi kuzidi meza 60 hata ukitengeneza meza tupu. Usiweke namba kubwa ya kubahatisha. Ukiweka 100,000,000, meza 60 zinahitaji kigeu kiwe 0.0000006 tu, chini ya usahihi wa 0.000001 ambao Solver inautumia, na inaweza kukihesabu kuwa ni 0. Utapata meza zote na gharama hukulipa.

Kosa baya kuliko yote halina ujumbe wowote. Namba iliyoingia kama maandishi, kwa mfano uliyoibandika kutoka kwenye faili jingine, SUMPRODUCT huihesabu kuwa sifuri. Tuseme ile 6 ya mbao za kabati ni maandishi. Kwa Solver, kabati halili ubao hata mmoja. Itakupa meza 46.67, makabati 13.33 na faida 2066.67. Namba hizo zinaonekana za kawaida kabisa, hata nzuri, na ripoti ya mbao inaonyesha kuna akiba. Kwa kweli mpango huo unakula mbao 266.67 na wewe una 240. Kinga yake: kabla ya kuendesha, weka 1 kwenye kigeu kimoja na 0 kwenye vingine, soma safuwima ya D, na ulinganishe na unachokijua kwa akili ya kawaida. Rudia kwa kila kigeu. Kwa vigeu viwili ni sekunde kumi; kwa 50 ni kazi ya nusu saa, na inastahili.

Kile ambacho Solver haitakufanyia

Taaluma hii haikuanza na kikokotoo. Jina lenyewe lilitoka Uingereza mwaka 1938, kwenye kituo cha utafiti wa rada cha Bawdsey, pale A. P. Rowe na wenzake walipokuta kwamba rada inafanya kazi lakini habari zake hazimfikii rubani kwa namna ya kumsaidia. Walianza kuuchunguza uendeshaji wenyewe mbali na mtambo. Vita vilipoanza, wanasayansi kama Patrick Blackett waliingizwa kwenye kamandi moja baada ya nyingine.

Mfano wao mmoja unafaa kukaa kichwani mwa kila anayefungua Solver. Ndege za Uingereza zilizokuwa zikiwinda nyambizi mwaka 1941 ziliangusha mabomu yaliyotegwa kulipuka kwenye kina cha futi 100. Hoja ilikuwa kwamba nyambizi huiona ndege mapema na kuzama. Mwanafizikia E. J. Williams aliitazama hoja hiyo upya. Nyambizi iliyowahi kuzama hadi futi 100 imekwisha kusogea pia upande, na rubani hajui tena iko wapi. Bomu lina nafasi ndogo sana ya kuipata hata likilipuka kwenye kina sahihi. Nyambizi inayoweza kupigwa ni ile iliyokutwa juu au inayoanza tu kuzama, na bomu la futi 100 linalipuka mbali chini yake. Alipendekeza kina cha futi 25. Mpangilio ulishushwa hatua kwa hatua kuelekea huko, na mashambulizi yakaanza kuzamisha nyambizi nyingi zaidi kwa mabomu yaleyale.

Ungempa Solver tatizo lile kama lilivyoletwa, ingekokotoa kina bora cha kuipata nyambizi ya wastani, na ingekosea kwa usahihi wa desimali sita. Kosa lilikuwa kwenye nyambizi zipi zinahesabiwa.

Misafara ya meli nayo inaonyesha hatari ya kudhani kila kitu ni cha mstari. Ilionekana busara kuiweka misafara midogo. Kundi la Blackett lilionyesha kwamba eneo la bahari lenye meli hukua sawa na idadi ya meli, lakini mzingo unaolindwa hukua polepole zaidi: meli mara nne, mzingo mara mbili tu. Kwa hiyo msafara mkubwa unalindwa vizuri zaidi na meli za ulinzi zilezile. Modeli ya mstari, inayosema "meli mara nne zinahitaji walinzi mara nne", ingelificha jambo hilo lote. Unapochagua Simplex LP, jiulize kwa kila safumlalo kama kweli vitu viwili vinakula maradufu ya kimoja. Mara nyingi jibu ni ndiyo. Kwenye ulinzi, foleni na punguzo la ununuzi wa jumla, jibu ni hapana. Foleni hasa usiipeleke kwenye Solver kabisa bila kujua nadharia yake; A. K. Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen alichapisha hesabu zake mwaka 1909, na somo lake la msingi ni kwamba kusubiri hupanda kwa kasi kubwa mtoa huduma anapokaribia kujaa kazi.

Mipaka, na pa kuhamia

Mpaka wa vigeu 200 ni halisi na unafikiwa haraka kuliko unavyodhani. Ratiba ya wafanyakazi 10, zamu 3, siku 7, ni vigeu 210, na umekwisha kuvuka. Usafirishaji kutoka maghala 14 kwenda vituo 14 ni 196, unaingia. 15 kwa 15 ni 225, hauingii. Kwa Simplex LP idadi ya masharti haina kikomo cha namna hiyo. Kwa injini nyingine mbili kikomo ni 100, bila kuhesabu mipaka ya kawaida ya vigeu vyenyewe. Kwa chombo kinachojipambanua kama cha kazi halisi, 200 ni kidogo, na Frontline wanauza matoleo makubwa kwa wanaotaka zaidi.

Huhitaji kununua. OpenSolver, iliyoanzishwa na Andrew Mason wa Chuo Kikuu cha Auckland, ni ya bure, haina kikomo cha vigeu kilichowekwa makusudi, na inatumia injini ya CBC ambayo kwenye matatizo ya namba kamili ina nguvu kuliko ya Solver. Ina kitu kimoja tunachokipenda mno: inapaka rangi seli za lengo, vigeu na masharti juu ya lahajedwali lenyewe, na sharti lililoelekezwa kwenye safumlalo isiyo yake unaliona kwa jicho. Asiye na Excel anaweza kutumia LibreOffice Calc, ambayo ina Solver yake kwenye menyu ya Tools. Huko fungua Options na uhakikishe mwenyewe tiki ya namba zisizo hasi imewekwa. Ukifika vigeu maelfu, ondoka kwenye lahajedwali: andika modeli kwa Python ukitumia PuLP, na uipeleke kwenye CBC au HiGHS, injini ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Jambo la mwisho ni la kuhifadhi. Solver hutunza modeli moja tu kwa kila laha. Ukibadilisha masharti kujaribu wazo jingine, ya zamani imefutika, na hakuna kitufe cha kuirudisha. Kabla ya kubadilisha, bofya Load/Save na uihifadhi kwenye safu ya seli tupu pembeni, au nakili laha nzima na uipe jina la jaribio. Modeli uliyoijenga hivyo haitapotea hata ukizidi 200: OpenSolver huifungua ilivyo, lengo, vigeu na masharti yake yote, na unachobofya ni Solve ya upande wa pili.